Bi Dodoso, Aliyetufundisha Kubisha Hodi

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Afisa Takwimu Mkuu wa wilaya yetu atafunga kabati la chuma la chumba namba sita na kukabidhi funguo, baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe. Idara ya Utumishi ilikuwa imeandika thelathini na mitatu tu, naye akairudisha barua kwa masahihisho, akasema miezi minne ya mtu si ya kudondosha njiani.

Ofisi nzima inamwita Bi Dodoso, na wageni hudhani ni jina la kuzaliwa. Si hivyo. Dodoso, kama mnavyojua, ni ile fomu ndefu ya maswali anayokuja nayo karani wa sensa mlangoni. Zamani dereva wetu mkuu alipata mtoto, na Bi Dodoso akaenda kumpa mzazi pole na hongera. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshajua nyumba ile inalala watu wangapi, maji yanatoka wapi, wanapikia nini na choo wanashirikiana na nani. Alipoondoka dereva akamwambia mkewe, "Huyu si mgeni, hili ni dodoso lenye miguu." Jumatatu jina lilikuwa limeshafika kazini, na halikutoka tena.

Shemeji yetu, mumewe, ambaye ni fundi baiskeli, naye anacho kisa chake. Alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, binti aliyekuwa akimposa alimuuliza kwao wako wangapi. Akajibu saba. Wiki mbili baadaye binti akafika kwao kusalimia, akahesabu wanane, kwa sababu shemeji alikuwa amemsahau binamu aliyekuwa akilala sebuleni. "Nusura nikose mke kwa ajili ya binamu," husema mpaka leo, na binamu yule ndiye aliyesimamia harusi.

Bi Dodoso aliajiriwa akiwa karani wa daraja la chini kabisa. Ofisi wakati huo ilikuwa na meza mbili, taipureta moja yenye herufi iliyokwama, na ramani ya wilaya iliyoliwa na mchwa upande wa kusini, kiasi kwamba kata tatu zilikuwa zimebaki majina tu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzichora upya kata hizo kwa kuzitembelea kwa miguu na kwa baiskeli ya shemeji. Tangu hapo amefanya sensa nne. Ameanza na penseli na kumaliza na vishikwambi, na kati ya hivyo viwili amefundisha makarani wa sensa wapatao elfu tatu, wengi wao wakiwa walimu wa shule, ambao anasema ndio wanafunzi wabishi kuliko wote.

Watu wengi hudhani takwimu za sensa ni idadi ya watu, inatangazwa redioni, tunashangilia au tunaguna, basi. Bi Dodoso alizichukulia kama orodha ya wadai. Kila sensa ilipotoka, alizigawa hadi ngazi ya mtaa na kijiji, akaenda nazo mlango kwa mlango katika ofisi za wilaya. Afisa elimu mmoja alikuwa akilalamika kwamba wanafunzi wa darasa la kwanza humjia ghafla kila Januari kama mvua ya mawe. Bi Dodoso akamwekea mezani jedwali la watoto wa chini ya miaka mitano. "Darasa lako la kwanza la mwaka huo limeshazaliwa, bwana," akamwambia. "Liko migongoni mwa mama zao." Shule mbili zilizojengwa upande wa mashariki zilitokana na jedwali lile, na zilifunguliwa watoto wakiwa na miaka sita, si kumi.

Wodi ya wazazi nayo ina historia yake. Ilikuwa ijengwe karibu na soko, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoonekana. Bi Dodoso akaonyesha kwamba watu wanaoonekana sokoni mchana hulala kwingine, na kwamba wanawake wa umri wa kuzaa wengi wako ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa mjamzito mwenye afya. Diwani wa sokoni akakasirika, akasema takwimu hazipigi kura. Bi Dodoso akamjibu kwa adabu zote, "Ni kweli mheshimiwa, hazipigi. Ila huwa zinashikwa na uchungu." Kikao kizima kilicheka, diwani naye akacheka, na wodi ikajengwa ng'ambo ya mto. Mwaka jana walizaliwa humo watoto mia tisa na kumi na wawili.

Ningeweza kuendelea na mema hayo hadi mwisho wa ukurasa. Lakini nilipompelekea rasimu ya kwanza ya wasifu huu, aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Ukiandika mazuri matupu, watasema umesafisha takwimu," alisema. "Andika na la machimboni." Kwa hiyo naliandika, kwa ruhusa yake, ingawa mkono unakuwa mzito.

Ilikuwa sensa yake ya kwanza, mwaka wa pili wa kazi. Madodoso ya wilaya nzima yalikusanywa katika ukumbi wa shule wakati wa likizo, na makarani kumi na wawili wakapewa wiki tatu kuyahakiki. Mwongozo ulisema, mkuu wa kaya akiwa na umri chini ya miaka kumi na mitano, hakiki. Haukusema kwa njia gani. Waliozunguka majumbani walikuwa wameshatawanyika, gari hakuna, na msimamizi wa ukumbi akawaambia watumie akili ya kawaida.

Katika bunda la mtaa ulio nyuma ya machimbo ya kokoto, Bi Dodoso alikuta kaya kumi na tisa za namna hiyo. Ya kwanza ilikuwa na watu watano. Mkuu wa kaya, mwanamke, miaka 12. Waliofuata ni wa miaka 9, 7, 4 na 2, na kwenye uhusiano wao na mkuu wa kaya karani alikuwa ameandika "mdogo wake", mara nne. Bi Dodoso aliona karani amechoka. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kuwa na kaya. Akachukua kalamu nyekundu, 12 akaifanya 42, "mdogo wake" akaifanya "mtoto", na fomu ikakaa sawa. Kwa mistari mitano aliwapa watoto wale mama, ambaye wao walikuwa wameshamzika. Akaendelea hivyo hadi ya kumi na tisa.

Miaka ile, nawakumbusha vijana, ulikuwepo ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kunong'ona. Machimboni, kwenye wanaume waliokuja kufanya kazi kutoka mbali na wanawake waliowafuata, uliingia nyumba kwa nyumba. Karani wa sensa alikuwa hajachoka. Alikuwa ameandika alichokiona.

Hakuna aliyegundua. Bunda la Bi Dodoso lilisifiwa kuwa safi kuliko yote ukumbini, akapewa na cheti. Kisha takwimu zile zikatumiwa kuandaa mpango wa huduma wa miaka mitano. Wilaya ilikuwa na afisa ustawi wa jamii mmoja tu wa kupeleka nje ya mji, na nafasi za chakula cha mchana kwa shule chache zenye yatima wengi, na zahanati moja mpya. Ulipotazamwa mtaa wa machimboni kwenye safu ya kaya zinazoongozwa na watoto, palikuwa na sifuri. Asiyekuwapo na lake halipo. Huduma zikaelekezwa kata nyingine.

Miezi kumi na minne baada ya sensa, mwalimu mkuu wa shule ya mtaa ule aliandika barua akiuliza mbona watoto walioorodheshwa hawaji darasani. Bi Dodoso akatumwa kuangalia. Alikwenda na orodha yake, akabisha hodi nyumba ya kwanza, na mlango ukafunguliwa na binti aliyemshika mtoto mkono. Akamwomba amwitie mkuu wa kaya.

"Ni mimi," binti akasema. "Nilishamwambia yule karani wenu. Aliandika, nilimwona akiandika."

Bi Dodoso alituhadithia kwamba hapo hakuelewa haraka. Aliuliza mama yuko wapi, akaambiwa. Akauliza baba, akaambiwa. Akaangalia orodha yake, iliyosema watu watano, akahesabu waliokuwa ndani na wanaochungulia mlangoni, akapata wanne. Akauliza wa tano yuko wapi, kwa mazoea ya kazi, kama alivyomuuliza shemeji habari za binamu. Binti akamwambia mdogo wa mwisho aliharisha siku tatu, na zahanati ilikuwa mbali, na yeye hakuweza kumbeba huyo na kuwaacha hawa. Ilikuwa imepita miezi mitano.

Alirudi ofisini kwa miguu ingawa baiskeli alikuwa nayo. Akaingia masjala, akatoa bunda, akaiona 12 chini ya wino wake mwenyewe.

Kesho yake alipeleka barua kwa mkuu wa idara wa wakati ule, sasa ni marehemu, mtu mwema kwa njia yake. Mkuu akafunga mlango, akamwambia yameshapita, ukumbi mzima ulifanya hivyohivyo, mpango umeshachapwa, na Bi Dodoso bado ni karani wa daraja la chini. "Usijichongee, binti yangu," akamwambia. "Sensa ijayo tutarekebisha." Sensa ijayo ilikuwa miaka minane na miezi kumi mbele. Bi Dodoso akamwuliza kama watoto wale waambiwe wasubiri. Namheshimu mkuu yule kwa sababu mwishowe alimruhusu asimame mbele ya baraza la wilaya.

Muhtasari wa kikao hicho upo masjala, na nimeusoma zaidi ya mara moja. Karani wa baraza ameandika maneno yake kama yalivyo: "Waheshimiwa, watoto hawa walihesabiwa. Karani alifika mlangoni kwao na akaandika kweli. Aliyewafuta ni mimi." Mheshimiwa mmoja akataka aachishwe kazi siku ileile. Mwingine akasema wilaya haiwezi kubadilisha mpango kwa ajili ya kaya kumi na tisa. Mwenyekiti akaahirisha, akampa mwezi mmoja aende kuhakiki kaya zote, safari hii kwa kubisha hodi.

Alikwenda zote. Tano zilikuwa kweli ni makosa ya kalamu, na wakuu wa kaya walikuwa watu wazima wenye ndevu zao. Kumi na nne zilikuwa za watoto. Baraza likabadilisha mpango kwa tofauti ya kura mbili. Afisa ustawi akahamishiwa machimboni, chakula cha mchana kikaanza shuleni muhula uliofuata, na zahanati ya vyumba viwili ikafunguliwa mwaka wa tatu wa mpango. Bi Dodoso akapewa onyo la maandishi na kunyimwa kupandishwa daraja kwa miaka sita, huku wenzake waliohakiki naye ukumbini wakipanda mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kumsikia akilalamikia onyo lile. Kinachomuumiza ni mtoto yule wa miaka miwili, na kwa huyo hana kikao cha kwenda.

Jina la binti hatulijui. Sheria ya siri ya sensa ni sheria, na Bi Dodoso hakuitafutia mlango wa nyuma hata akiwa na uchungu. Lakini kila mfanyakazi mpya wa idara hii, siku yake ya kwanza, amepelekwa masjala kabla ya kuonyeshwa meza yake, akaonyeshwa ukurasa mmoja uliofunikwa jina kwa karatasi. Hapo ndipo ilipoanzia desturi yetu. Hakuna namba inayobadilishwa mezani. Ikikushangaza, nenda. Kalamu nyekundu hazinunuliwi chumba namba sita tangu kabla mimi sijaajiriwa.

Mimi nilipofika, miaka kumi na minne iliyopita, nilikuwa na shahada mpya na subira kidogo. Katika sensa ya tatu tulipata nyumba moja ya vyumba viwili iliyoandikwa watu 31. Nikasema ni wazi karani amegeuza tarakimu, ni 13, tusipoteze mafuta. Bi Dodoso akaniambia nitangulie garini. Tulikuta thelathini na mmoja, wapangaji wanaolala kwa zamu, wengine wakitoka kazini wengine wakiingia, na choo kimoja chenye foleni ambayo mimi mwenyewe nilisimama kwa heshima nikaihesabu. Vyoo vya umma vya mtaa ule vilitoka kwenye foleni ile. Tangu siku hiyo dereva akiniona nashika ufunguo wa gari huuliza, "Tunakwenda kwa thelathini na mmoja?"

Kisha ikaja sensa ya mwaka jana, ya nne na ya mwisho kwake. Mambo yote yalikuwa kwenye vishikwambi. Siku ya pili ya mafunzo, Bi Dodoso alikaa nyuma ya darasa, akajifanya ni kaya, akaandika mkuu wa kaya ana miaka kumi na miwili. Kishikwambi kikakataa. Hakikumruhusu kwenda ukurasa unaofuata hadi aandike umri mkubwa zaidi. Mwalimu mmoja pembeni yake, kijana mwema asiye na hila, akamshauri aandike kumi na nane ili apite.

Ile kalamu yake nyekundu ilikuwa imeingizwa kwenye mashine, na mashine ilikuwa inakwenda nchi nzima. Aliandika makao makuu barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili ilijibiwa kwamba jambo lake limepokelewa. Na ya tatu aliipeleka mwenyewe, akakaa kwenye benchi la mapokezi siku mbili akiwa na chupa yake ya chai, hadi mtaalamu wa programu akatoka kuja kumwona huyu mama ni nani. Alimsimulia kisa cha machimboni. Siku kumi kabla ya sensa, vishikwambi vya nchi nzima vilibadilishwa vikakubali umri wowote, kwa kutoa onyo tu, na orodha ya maonyo kurudishwa wilayani kuhakikiwa.

Orodha yetu ilikuja na kaya ishirini na tatu. Nakiri nilinung'unika. Wilaya ina kaya elfu sitini na mbili, na mama huyu ana goti bovu na amebakiza miezi michache astaafu. Hakubishana nami, alivaa viatu vya kutembelea. Kaya ishirini zilikuwa makosa ya vidole, na alizirekebisha mbele ya wenyewe, akiwataka radhi kwa usumbufu. Mbili zilikuwa kweli za watoto, na afisa ustawi anazo sasa. Ya ishirini na tatu alibisha hodi mara tatu, kwa siku tatu tofauti, na mlango haukufunguliwa. Majirani walisema watu wapo lakini hawajui ni nani mkubwa. Ijumaa iliyopita, wakati tunahesabu mafaili ya makabidhiano, aliitoa nakala iliyochapwa ya fomu hiyo mwishoni kabisa, akanipa mkononi bila kuiweka mezani. Sikumwona mwenye huzuni kiasi hicho hata siku ya barua ya kustaafu.

Bi Dodoso, mama yetu, wilaya hii inakushukuru. Wapo watu wazima leo wanaofanya kazi na kulea watoto, ambao hawajui kwamba chakula chao cha shule kilisimamiwa na mtu mmoja aliyekubali kuaibika hadharani. Tunamshukuru shemeji kwa kutuazima baiskeli, na mke pia. Tunakuombea afya, goti lipone, wajukuu wakuzunguke na uwahesabu hadi uchoke, na siku zako zote za mbele ziwe njema na tulivu.

Najua lakini hutapumzika kabla hujajua hili, kwa hiyo naliandika hapa badala ya kukunong'oneza kwenye sherehe. Jumanne nilikwenda, na Jumatano, na Alhamisi. Alhamisi nilikwenda saa moja asubuhi, nikabisha hodi, nikakaa kizingitini, nikasema kwa sauti kwamba sijaja kumchukua mtu yeyote. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguliwa. Mkuu wa kaya ana miaka kumi na mmoja. Wako watatu, na wote watatu wapo. Nimewahesabu mara mbili. Afisa ustawi alifika kabla ya saa sita, akiwa na muuguzi.

Dodoso lilikuwa sahihi. Sikuligusa.